Sindano ya ARV ya kila miezi miwili: jinsi ya kujiandaa ukiwa Mwanza, visiwani au kwenye kambi ya uvuvi

Tangu habari za sindano ya ARV (dawa za kufubaza VVU) zianze kuzunguka redioni na kwenye magrupu ya WhatsApp, maswali kwenye benchi la CTC, kliniki yetu ya huduma na tiba ya VVU, yamekuwa yale yale. Inaponya? Nikichomwa, vidonge naacha? Inauzwa wapi? Mbona huyu anasema miezi miwili na yule anasema sita? Mimi ni mshauri rika, naishi na VVU kama wewe, na nayajibu hapa kwa utaratibu ili ukifika kliniki uwe unajua cha kuuliza.

Haiponyi. Inafanya kazi ile ile ya kidonge chako, yaani kufubaza virusi. Dawa zenyewe ni mbili, kabotegraviri na rilpivirini. Zinachomwa siku moja, moja kalio la kulia na nyingine la kushoto, halafu zinajitoa kwenye msuli polepole kwa wiki nyingi. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025 kwa watu wazima na vijana balehe ambao virusi vyao tayari vimefubaa na hawana homa ya ini B. Kabla ya hapo ilijaribiwa kwa majirani zetu. Utafiti wa CARES, uliofanyika Uganda, Kenya na Afrika Kusini, uliwachukua watu 512. Wengine wakabaki na vidonge, wengine wakahamia sindano. Baada ya wiki 48, pande zote mbili watu kama 97 kati ya kila 100 virusi vyao vilikuwa bado vimefubaa. Kwa hiyo anayekwambia sindano "ina nguvu zaidi" anakudanganya.

Kinachobadilika ni maisha ya kila siku. Hakuna kopo la kuficha kwa wifi, hakuna kidonge cha kumeza ukiwa umejifunika shuka kwenye banda mnalolala watu wanane, hakuna kengele ya simu inayolia saa tatu usiku mbele ya watu. Kwa wengi wetu hilo si jambo dogo. Lakini mzigo hauondoki, unahamia kwenye kalenda. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu tarehe.

Jambo moja kabla hatujaanza: dawa ya kawaida kwenye CTC zetu ni TLD, kidonge kimoja kwa siku, na inatolewa bure. Usiruke kidonge hata siku moja kwa sababu unaisubiri sindano.

Usichanganye sindano hizi

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, hivyo soma taratibu.

Kabotegraviri pamoja na rilpivirini, kila miezi miwili, ni matibabu ya mtu mwenye VVU.

Kabotegraviri peke yake, nayo kila miezi miwili, ni kinga ya mtu ambaye hana VVU.

Lenakapaviri, ile ya kila miezi sita inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo, ndiyo iliyotangazwa sana mwaka 2025. Nayo ilipendekezwa kama kinga kwa wasio na maambukizi. Kwa upande wa matibabu hutumika pamoja na dawa nyingine kwa watu ambao virusi vyao vimekuwa sugu kwa dawa nyingi.

Onyo: mwenye VVU akichomwa sindano ya kinga peke yake, anavipa virusi nafasi ya kuwa sugu. Ukisikia mtu pale mwaloni Kirumba au popote anauza "sindano ya miezi sita", usimpe mkono wako wala pesa yako.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kadi yako ya CTC yenye namba yako.
- Jibu la karibuni la kipimo cha wingi wa virusi (HVL).
- Jibu la kipimo cha homa ya ini B.
- Orodha ya ARV zote ulizowahi kutumia tangu siku ya kwanza.
- Orodha ya dawa nyingine unazotumia sasa, za hospitali na za kienyeji.
- Namba ya simu inayopatikana, na ya mtu mmoja unayemwamini anayejua hali yako.
- Nauli ya safari mbili zilizokaribiana, kwa sababu sindano ya kwanza na ya pili zinaachana mwezi mmoja tu.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha virusi vimefubaa. Sindano hii ni ya kuhamia ukiwa tayari uko imara kwenye vidonge. Omba nesi akusomee jibu la HVL kwenye faili lako, na umuulize ni la tarehe ngapi. Jibu la mwaka juzi halisaidii. Kama virusi vipo juu, kazi ya kwanza ni kukaa na mshauri mtafute kwa nini dozi zinaruka: ni safari, ni mume hajui, ni pombe, ni njaa? Mengi ya hayo yanatatulika, na ukishayatatua umejisaidia hata kama sindano hutaipata kamwe.

2. Pima homa ya ini B. Watu hushangaa kipimo hiki kinaingiaje hapa. TLD ina tenofoviri na lamivudini, ambazo zinatuliza pia virusi vya homa ya ini B. Sindano haina dawa hizo. Mtu mwenye homa ya ini B akiacha TLD ghafla akategemea sindano pekee, ini linaweza kuchachamaa vibaya. Ukikutwa nayo, unabaki na TLD, na hapo kidonge kimoja kinakufanyia kazi mbili.

3. Andika historia ya dawa zako. Uliwahi kutumia nevirapini? Ile TLE ya usiku, kidonge chenye efavirenzi, cha ndoto za ajabu na kizunguzungu? Uliwahi kuacha dawa kwa miezi ukarudi? Sema yote. Nevirapini na efavirenzi ni ndugu wa rilpivirini, na virusi vilivyowahi kuwa sugu kwa hizo vinaweza kuisumbua sindano. Hakuna atakayekugombeza kwa ya zamani. Na akitokea wa kukugombeza, omba kuonana na mtu mwingine.

4. Taja dawa nyingine, hasa za kifua kikuu. Rifampisini iliyo kwenye dawa za TB, na rifapentini iliyo kwenye dawa za kukinga TB za kumeza mara moja kwa wiki, zinashusha kiwango cha sindano mwilini hadi isifanye kazi. Dawa za kifafa kama fenobabito, fenitoini na kabamazepini zinafanya hivyo hivyo. Ukiwa unakohoa zaidi ya wiki mbili, unatoka jasho usiku au unapungua uzito, pima TB kwanza kabla ya kuzungumzia sindano. Kumtoa mtu dawa iliyokwisha kuchomwa haiwezekani, tofauti na kidonge unachoweza kubadilisha kesho asubuhi.

Sema pia kama una mimba au unapanga kuipata. Dawa hii inaweza kubaki mwilini mwaka mzima au zaidi baada ya sindano ya mwisho, kwa hiyo uamuzi wa leo unagusa na mimba ya mwakani. Na kama umewahi kuwekewa kitu cha kuongeza makalio, sema bila aibu, kwa sababu hapo ndipo dawa inapochomwa, haipigwi mkononi.

5. Panga kalenda kabla ya kuomba sindano. Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote kwa sisi wa kando ya ziwa.

Mpangilio uko hivi. Tuseme sindano ya kwanza ni tarehe 10 Machi. Ya pili ni 10 Aprili. Baada ya hapo ni kila miezi miwili: 10 Juni, 10 Agosti, 10 Oktoba, 10 Desemba. Kila tarehe ina nafasi ya siku 7 kabla na siku 7 baada. Kwa sindano ya Juni, mlango uko wazi kuanzia tarehe 3 hadi 17. Nje ya hapo umeingia eneo la hatari.

Sasa chukua kalenda ya kazi yako uiweke juu ya hii. Mvuvi wa dagaa anajua mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa. Watu wanatoka kambini, wanarudi nyumbani, wanafua nguo na kulipana. Giza likirudi, ziwani. Miezi miwili ya mwandamo ni siku 59, karibu sawa na nafasi kati ya sindano na sindano. Maana yake ni kwamba ukianza wakati wa mbalamwezi, zinazofuata nazo zitaelekea kuangukia mbalamwezi, zikipishana siku mbili hivi kila mara. Ndani ya mwaka pengo linafika siku kumi na moja, kwa hiyo kabla halijakubana mwombe nesi mkae mpange upya. Mwambie wazi: "Sista, mimi giza nakuwa kisiwani, tarehe hii siwezi." Akijua hilo siku ya kwanza atakusaidia. Akilijua siku uliyokosa, mtakuwa mnazima moto.

Kwa mchuuzi wa dagaa au mama anayesafiri na mzigo, angalia siku za mnada na siku za meli. Anayetoka Ukerewe au Ukara ahesabu na siku ziwa linapochafuka vyombo visitoke. Usipange kufika siku ya mwisho ya mlango. Wa Sengerema na Geita wamepata nafuu tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, maana foleni ya kivuko haiwezi tena kukulia siku nzima.

Na niseme ninachoamini. Kama unahama kambi hadi kambi bila kujua utarudi lini, leo kisiwa cha Kome, kesho Goziba, usiikimbilie sindano kwanza. Kopo la TLD linasafiri na wewe popote. Rilpivirini inatakiwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo haiwezi kukufuata kwenye begi, na zahanati isiyo na umeme wa uhakika haiwezi kukuwekea. Sindano inamfaa zaidi yule ambaye shida yake ni kumeza na kuficha kila siku, lakini kituo anaweza kukifikia kila baada ya miezi miwili bila kukosa.

6. Uliza kwenye kituo chako. Usiende na uvumi, nenda na swali. Kama unaona haya, lisome hivi lilivyo: "Sista, shikamoo. Naomba kujua kama hapa mna sindano ya ARV ya miezi miwili, ile ya kabotegraviri na rilpivirini. Kama haipo, kuna kituo mnachoweza kunipa rufaa? Na mimi ninafaa?" Uliza mbele ya faili lako, katika chumba cha ushauri, si korido. Siri yako inalindwa na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008, kwa hiyo kuomba mlango ufungwe ni haki yako.

Wengine hupewa kwanza vidonge vya dawa hizo hizo kwa mwezi mmoja kuona kama mwili unazikubali. Ukipewa, meza pamoja na chakula cha kushiba. Chai ya rangi peke yake haitoshi. Na kama unatumia omeprazo kwa ajili ya vidonda vya tumbo, sema, kwa sababu haipatani na rilpivirini ya kumeza.

7. Siku ya sindano. Kula. Vaa nguo inayoshuka kwa urahisi. Mama akivaa gauni la kubana atapata taabu bure. Meza vidonge vyako kama kawaida mpaka siku hiyo, maana sindano ya kwanza hupigwa siku ya mwisho ya vidonge. Usijiachishe wiki moja kabla ili "mwili upumzike". Sindano ni mbili, ujazo wa mililita 3 kila moja, kwa hiyo utazisikia. Usikaze kalio, egemeza uzito kwenye mguu mwingine au lala kifudifudi kama nesi anavyokuelekeza. Mtu mnene huhitaji sindano ndefu zaidi ili dawa ifike kwenye msuli, kwa hiyo usishtuke ukiona imebadilishwa.

Baada ya hapo kaa kituoni kama dakika 10. Mara chache sana mtu hupata jasho, kubanwa kifua au tumbo kukata muda huo huo. Ukiwa bado kwenye benchi utahudumiwa. Ukiwa juu ya bodaboda, nani atajua?

Kabla hujatoka, hakikisha tarehe ijayo imeandikwa kwenye kadi, na iandike pia kwenye simu. Ukihofia simu kushikwa, andika neno lako mwenyewe: "mkopo", "kikoba", lolote.

8. Siku za mwanzo. Kalio litauma, na unaweza kushika kinundu kigumu chini ya ngozi. Kwa wengi maumivu huisha ndani ya siku chache, na kadiri sindano zinavyoendelea mwili unazoea. Homa ndogo, uchovu na kichwa kuuma vinaweza kuja. Parasetamoli inatosha. Ukipiga kasia, ukivuta nyavu au ukibeba ndoo kichwani, jipe siku moja au mbili za kazi nyepesi ukiweza. Safari ndefu ya pikipiki siku ile ile utaijutia.

9. Ukijua utasafiri, sema mapema. Tarehe ikiwa itapita kwa zaidi ya siku 7, kliniki inaweza kukupa vidonge vya kushikiza mpaka urudi. Hilo linafanyika ukisema kabla. Usisubiri ufike Bukoba ndipo upige simu.

10. Ukitaka kuacha sindano, rudi kwenye vidonge kwa wakati. Unaruhusiwa kabisa kubadili mawazo. Lakini vidonge vianze ndani ya miezi miwili tangu sindano ya mwisho. Dawa inaendelea kushuka mwilini kidogo kidogo kwa muda mrefu. Kiwango kile kidogo hakitoshi kufubaza virusi, ila kinatosha kuvifundisha usugu. Kutoweka tu bila kuaga ndiyo njia mbaya kuliko zote.

Makosa ninayoyaona au kuyasikia mara kwa mara

Kumgawia rafiki vidonge vilivyobaki. Virudishe kituoni, au fuata ulivyoelekezwa.

Kuacha kondomu siku ile ile kwa kuwa "nimechoma". Mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake VVU kwa kujamiiana, na hilo ni kweli kwa kidonge na kwa sindano. Lakini kisonono, kaswende na mimba haviulizi HVL yako.

Kuamini kwamba kwa vile humezi tena, hakuna haja ya kupima. HVL inaendelea. Wachache hupata virusi kupanda hata bila kukosa sindano, na njia pekee ya kujua ni kipimo.

Kuanza dawa za TB kwenye kituo kingine bila kusema unatumia sindano. Kwa sababu huna kopo la kuonyesha, mhudumu hawezi kujua. Tembea na kadi.

Ikitokea tatizo

*Nimepitisha tarehe.* Nenda leo, si wiki ijayo. Usijichagulie dawa njiani. Kama imefika zaidi ya miezi mitatu tangu sindano ya mwisho, huenda ukaanzishwa upya kwa sindano mbili za kuachana mwezi mmoja.

*Kinundu kimekuwa chekundu, kina joto, kinatoa usaha.* Rudi kituoni. Usikitumbue, usikikande kwa maji ya moto.

*Nimepata upele na homa kali, au macho yamekuwa ya njano.* Nenda hospitali siku hiyo hiyo na utaje jina la dawa.

*Moyo umekuwa mzito, silali, nawaza kujidhuru.* Mwambie mtu leo, nesi au yule unayemwamini, na ufike kituoni. Huzuni ni mojawapo ya mambo yanayoweza kutokea ukiwa kwenye dawa hizi, na ina tiba.

*Nimefika, dawa haipo au friji imeharibika.* Usiondoke mikono mitupu. Omba TLD au vidonge vya kushikiza palepale, na tarehe ya kurudi iliyoandikwa.

*Mume wangu ameuliza kwa nini naenda kliniki mara kwa mara.* Kabla hujaanza, ongea na mshauri kuhusu utakachosema. Kwa baadhi ya wanawake kwenda mara sita kwa mwaka kunazua maswali kuliko kopo lililofichwa vizuri, na hilo pekee linatosha kuamua kubaki na kidonge.

*Kituo changu hakina sindano.* Ukiwa imara, uliza kama unaweza kupewa TLD ya miezi sita kwa mkupuo, au kama huduma ya mkoba inafika mwaloni kwenu. Kama kinachokusumbua ni kelele za kopo kwenye begi, na najua zinavyosikika mtumbwi ukizimwa injini, muulize mfamasia wa kituo namna ya kuvifanya visicheze. Usivihamishie kwenye bahasha ya khaki au mfuko wa nailoni. Unyevu wa ziwa utaviharibu. Kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kilichomo ndani ya kopo kiache humo humo.